Shajara ya Mradi: Ratiba ya Msafiri wa Baskeli, Awamu ya Pemba

Mradi ulipofika

Mradi ni kutoka Makunduchi, kusini ya Unguja, mpaka Kigoma ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa baskeli, peke yangu, bila ya gari la kunifuata nyuma. Awamu ya Unguja imekwisha: Makunduchi, Paje, Jozani, Dunga, Chwaka, Kiwengwa, Matemwe, Nungwi, kisha kurudi mjini kwa njia ya Mkokotoni na Mahonda. Sasa niko awamu ya Pemba. Ikikamilika hii, ni boti ya Tanga na barabara ya bara.

Wanaonisikia nikiita Pemba awamu nzima hushangaa. Kisiwa kina urefu wa kilomita kama 67 tu, na kijana mwenye pumzi anaweza kutoka Mkoani asubuhi akalala Konde. Ni kweli. Lakini sikuja kukimaliza kisiwa. Nimekuja kuijaribu ratiba yangu mahali ambapo ikivunjika nitaona imevunjikia wapi, kabla sijaipeleka kwenye njia ya zaidi ya kilomita 1,000 ambako hakuna anayenijua. Pemba inafaa kwa jambo hilo kuliko Unguja. Vilima vya upande wa magharibi havikuachi ukapiga pedeli kwa mazoea, na watu wake hawakuachi ukapita hivi hivi.

Ninachojifunza ni kusimama. Nguvu za kwenda kila mwendesha baskeli anazo asubuhi. Anayesafiri na wenzake ana mtu wa kumwambia "basi, leo inatosha". Aliye peke yake hana, na mwili ukishashika mwendo hausemi mpaka umeshachelewa. Kwa hiyo katika kurasa hizi naandika zaidi saa za kushuka kuliko kilomita.

Jumamosi, Mkoani

Ukitoka bandarini Mkoani kilima kinakupokea hapo hapo, mji wenyewe umekaa juu. Upepo wa kusi umeshika msimu wake na boti iliyumba njia nzima. Sikuondoka. Siku ya chombo si siku ya mwendo, hata ukifika saa 4 asubuhi na barabara iko wazi mbele yako. Nimepata chumba, nimefunga mizigo upya, nimejaza upepo matairi yote mawili.

Mpangilio wa siku nauandika hapa mara moja ili nisiurudie. Siku yangu imesimama juu ya sala tano. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nikirudi msikitini nakunywa maji glasi mbili, taratibu, na kula kitu chepesi: boflo (mkate) na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, au ndizi mbivu kama chai haijachemka. Msimu huu wa kipupwe jua huchomoza karibu na saa 12 na nusu. Mwanga ukitosha kuliona shimo la barabarani, naondoka. Saa 4 nashuka, hata kama miguu inadai bado. Kuanzia hapo mpaka adhuhuri ni kazi za kukaa kitako: kufua, kuandika, kuuliza njia, kulala kidogo. Baada ya adhuhuri nakula chakula cha siku, na sipandi tena mpaka nimeswali alasiri. Kipande cha jioni ni kifupi kwa makusudi, kilomita 10 au 15 za kufikia pa kulala, na lazima niwe nimefika kabla ya magharibi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nishuke saa 4 wakati huu wa kipupwe ambapo jua si kali. Nashuka kwa sababu mazoea ninayoyajenga si ya kipupwe. Huko bara jua la mchana halitanisubiri nijizoeze nalo.

Nimesoma habari za Mark Beaumont wa Uskoti, aliyeizunguka dunia kwa baskeli mwaka 2017 kwa siku 78 na saa kadhaa. Aliigawa siku yake mafungu manne ya saa nne nne, akipanda tangu saa 10 za alfajiri, na alikuwa na watu wa kumpikia, kumkanda misuli na kumtazamia saa. Mwaka uliofuata Jenny Graham, naye wa Uskoti, alizunguka peke yake bila msaada wa timu kwa siku 124. Namheshimu Beaumont, lakini nikitafuta wa kujifunza kwake namtazama zaidi Graham, kwa sababu kila aliposimama ilikuwa kwa amri yake mwenyewe. Mimi mafungu ya siku sikuhitaji kuyabuni, muadhini ananigawia. Msafiri wa mbali ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, na bara nitaitumia. Hapa Pemba, ambako msikiti hauko mbali na popote, nimechagua kuswali kila sala kwa wakati wake, maana hiyo ndiyo inayonishusha kwenye baskeli bila ya mimi kujadiliana na nafsi yangu.

Jumatatu, Chake Chake

Mkoani mpaka Chake ni kama kilomita 30, na sehemu kubwa ni kupanda na kushuka. Kanuni ya vilima ni kubadilisha giya kabla kilima hakijaanza, si katikati yake, mnyororo ukiwa umekaza. Baskeli yangu ni ya mtumba, imara, lakini ina mzigo nyuma pande zote mbili za keria, na mnyororo ukikatika kwenye mwinuko wenye mzigo unaweza kuanguka nao.

Ni vuno la karafuu. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinacholibeba zao hili. Majamvi yametandikwa kila penye uwazi, mpaka ukingoni mwa lami, karafuu mbichi za kijani na nyekundu upande mmoja, zilizokwisha kupata weusi upande wa pili. Mwendesha baskeli ahame hapo. Afadhali nikae nyuma ya gari ya abiria kwa dakika mbili nikimeza moshi kuliko tairi langu liguse ukingo wa jamvi la mtu. Karibu na Chake, upande wa Wawi, kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vijiti vya shada la karafuu, na harufu yake unaipata kabla hujaliona bati lake.

Jambo kubwa la leo ni ukarimu, kwa sababu ndio uliokuwa ukiila ratiba yangu tangu nishuke bandarini. Saa 2 asubuhi, kilima kimenibana, bibi mmoja amekaa barazani anachambua karafuu na wajukuu zake. Nilishuka nikaweka mguu chini kumwamkia, maana shikamoo ya kumpigia mtu mzima huku unapita juu ya baskeli si shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Ahsante, bibi, nishakaribia. Nakwenda Chake."

"Chake haihami. Mwenzio yuko wapi?"

"Niko peke yangu, bibi."

Hapo ndipo mambo yalipoamuliwa. Mtu wa peke yake hapiti. Ililetwa chai, ukaletwa muhogo wa kuchemsha, na mjukuu akatumwa dafu. Nilikaa mpaka bibi mwenyewe aliporidhika. Alinionyesha anavyolitenga konyo na tumba kwa kuliminya shada kwenye kiganja na kulisokota mara moja, tumba zikaanguka kwenye ungo na makonyo yakabaki mkononi. Mikono yake ilikuwa haitazami inachokifanya.

Nimefikiri sana juu ya hili usiku huu. Ningeweza kuweka ratiba ngumu na kukataa kila karibu, na ningefika. Lakini sitaki kufika Kigoma nikiwa nimeikimbia milango ya watu. Na ningeweza kukaa kila ninapoitwa, na nisingefika kabisa. Uamuzi: kila asubuhi ina saa moja isiyokuwa na kilomita ndani yake, saa ya kukaribishwa. Atakayenikaribisha kwanza ni yake yote, nakaa kwa moyo mmoja, sitazami simu. Ikishatumika, anayeniita baadaye namshukia, namwamkia, nasema "Starehe, ahsante sana", na ninakwenda. Isipotumika, nafika mapema napumzika. Hesabu ya mwendo inapangwa tangu jana yake kwa kuiondoa saa hiyo. Kwa hiyo umbali wa asubuhi umepungua, na nimeukubali.

Jumatano, Wete

Njia ya zamani ya Chake kwenda Wete ni nzuri kuliko zote nilizopita mpaka sasa, kivuli cha miti pande zote mbili na gari chache. Halua ya Wete nimenunua kipande kimoja, kikubwa, na sijutii.

Kazi ya leo ilikuwa ya mikono. Kila siku baada ya isha, kabla sijalala, baskeli inapata wakati wake. Kwanza kitambaa kikavu juu ya mnyororo, kuufuta pingili kwa pingili nikirudisha pedeli nyuma, kisha matone machache ya mafuta, kisha kufuta tena. Hewa ya bahari inaushika mnyororo kwa kutu haraka kuliko unavyodhani, na mafuta yakizidi yanashika vumbi yakawa msasa. Pili, napitisha kidole kwenye spoku moja moja nikizisikiliza. Za upande wa giya kwenye gurudumu la nyuma ndizo zinazokazwa zaidi na ndizo zinazobeba mzigo, ikilegea moja sauti yake inashuka na zilizo jirani zinaanza kuteseka. Tatu, breki. Kushuka vilima vya Pemba na mizigo kunazila breki, mtu asingojee mpaka chuma kikwaruze ringi.

Leo tyubu ya nyuma ilipoteza upepo polepole. Si pancha ya kishindo, ilikuwa ile ya kuamka asubuhi ukakuta tairi limelainika. Nilikopa beseni la maji kwa mwenye nyumba, nikaizamisha tyubu kipande kipande mpaka nikaona mapovu, madogo mno, yanatoka moja baada ya jingine. Nikaweka alama kwa kalamu, nikakausha, nikasugua kwa msasa mpaka mpira ukapoteza mng'aro, nikapaka gundi nyembamba. Hapa ndipo haraka inapoharibu. Gundi inataka kuachwa mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole haishiki tena. Mtu mwenye hamu ya kuondoka anaweka kiraka gundi ingali mbichi, na kesho anakutana na pancha ile ile. Niliweka kiraka, nikakiminya kwa mpini wa spana. Kisha, kabla ya kurudisha, nilipapasa ndani ya tairi lote kwa kitambaa, pole pole, kikanasa. Kichongo cha jiwe la matumbawe, hakifiki punje ya mchele. Bila ya kukitoa, kiraka kisingesaidia kitu.

Fundi wa hapa, mzee wa makamo, aliniuzia spoku mbili za akiba za kipimo changu na akanikatalia ya tatu. Alisema mbili zikikatika siku moja shida si spoku, ni mzigo, punguza mzigo. Nimempa mtu wa boti ya kurudi Unguja sufuria ya pili na viatu vya akiba.

Ijumaa, Konde

Ijumaa haina mwendo. Kufua, kukata kucha, sala ya Ijumaa, kulala mchana, kumpigia mama simu ndefu kuliko za siku nyingine. Kaptula ya kuendeshea naifua kila siku, lakini Ijumaa ndiyo inayopata jua la kutosha. Vidonda vya kukaa juu ya siti vinamrudisha mtu nyumbani upesi kuliko kuvunjika kwa baskeli. Kikoi na kofia vinakaa juu kabisa kwenye begi, ili adhana ikiadhiniwa nisipekue.

Hesabu za fedha nimeandika. Kwa chakula nimetumia chini ya nilivyopanga, kwa sababu ya saa ya kukaribishwa.

Jumapili, Kigomasha

Kutoka Konde unapita ndani ya msitu wa Ngezi, hifadhi, wenye mivule ambayo shina lake watu watatu hawalikumbatii. Chini yake alfajiri ni giza hata nje kukiwa kumeshakucha. Ratiba ikabidi ikae upande: niliondoka nusu saa baadaye. Ratiba isiyojua kuusubiri mwanga msituni haina maana, mizizi haionekani. Popo wa Pemba, wale wakubwa ambao bawa kwa bawa wanafika mita moja na nusu na zaidi, walikuwa wanarudi mitini kulala. Nilisimama nikawatazama mpaka shingo ikauma.

Baada ya msitu, njia ni mchanga. Kwenye mchanga napunguza upepo wa matairi kidogo, nakaa nyuma ya siti, na ninapozama nashuka kukokota bila ya kugombana nao. Nilifika kwenye taa ya Kigomasha, ncha ya kaskazini. Kisiwa kimekwisha, na kusi lote liko mgongoni.

Nataka kuandika kidogo juu ya upweke, kwa sababu ndio ninaoulizwa zaidi. Kwangu hauji usiku. Usiku nimechoka, nimeswali isha, nimeongea na nyumbani, nalala. Unakuja mchana, baada ya chakula, ile saa ya 8 mpaka alasiri, kijiji kimelala na mimi sina la kufanya kwa mkono. Hapo ndipo nafsi inaposema panda tu, uende, na hapo ndipo ratiba inapovunjika kwa wengi, kwa kuukimbia ukimya wa mchana wala si kwa uvivu. Dawa niliyoipata ni kuipa saa hiyo kazi ya kukaa: naandika shajara hii, nashona kilichochanika, nachora ramani ya kesho kwa kumuuliza mtu wa pale pale. Ramani ya simu inajua barabara. Haijui kwamba daraja lina mbao zilizooza.

Jumanne, Micheweni

Upande wa mashariki ni Pemba nyingine. Tambarare, mawe ya matumbawe, miti mifupi, upepo bila ya kizuizi. Karafuu zimeachwa nyuma, hapa ni muhogo na bahari.

Utaratibu wa kulala kijijini ni huu, na nimeufuata tangu Unguja: nafika kabla ya magharibi, naulizia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale, naweka baskeli pembeni na kwenda kwa miguu mpaka mlangoni kwake. Najieleza jina, kwetu, ninakotoka, ninakokwenda, natoa kitambulisho kabla sijaombwa. Sheha wa leo alikisoma pande zote mbili, akanirudishia, akasema, "Maadamu umekuja mapema, umekuja vizuri. Mgeni wa giza ni tabu kwake na kwetu." Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kikomo cha magharibi. Usalama wa barabarani ni sehemu moja. Sehemu ya pili ni kuwapa wenyeji mwanga wa kukutazama usoni.

Chakula: muhogo wa nazi na dagaa, kisha muhogo tena. Kwa mwendesha baskeli hakuna cha kulalamika, unakaa tumboni na unatoa nguvu polepole. Maji ndiyo ninayoyasimamia zaidi upande huu mkavu. Kila asubuhi natengeneza lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha, si vya kurundika, kipimo kile kile anachopewa mgonjwa wa kuharisha. Chumvi isizidishwe. Nakunywa kidogo kidogo tangu mwanzo, sisubiri kiu.

Alkhamisi, Chake Chake tena

Kurudi kusini ni kula upepo uso kwa uso. Kusi huzidi nguvu jua linapopanda, kwa hiyo saa mbili za mwanzo baada ya alfajiri zina thamani kuliko zote zilizobaki. Kilomita ambazo nilipokwenda kaskazini zilinipita bila ya kuzihisi, leo nimezilipia. Nilikwenda kwa pumzi wala si kwa mwendo: nikiweza kusoma sura fupi kwa sauti bila ya kukatika, niko sawa, nikikatika nalegeza giya. Saa 4 nilikuwa bado sijafika nilipopanga. Nilishuka hapo hapo, chini ya mwembe, nikamalizia baada ya alasiri. Sikuwa na haja ya kujilazimisha, mwili wenyewe ulikuwa umeshajua ni saa ya kushuka.

Ratiba inayovuka kwenda bara, basi: kikomo cha saa 4 na cha magharibi vinabaki bila ya kuguswa. Ijumaa inabaki. Saa ya kukaribishwa inabaki, ingawa sijui watu wa njiani wataitumiaje. Kazi ya baskeli baada ya isha inabaki. Kitakachobadilika ni kipande cha jioni, kwani vijiji vya bara vimeachana, na pengine asubuhi moja nitalazimika kuifupisha ili nisipitwe na mahali pa maji.

Kabla ya boti ya Tanga: tyubu moja mpya, mpira wa breki za nyuma, gundi na msasa, chupa ya maji ya tatu na kifungio chake. Tairi la nyuma nalihamishia mbele, la mbele nyuma, maana la nyuma limeanza kulika katikati. Kesho ni Ijumaa, sipandi. Jumamosi alfajiri naanza kushuka Mkoani.